Alama ya Pasi Sebuleni kwa Mama Ghati

Mwanangu, ipo Jumanne moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na kwa kuwa wiki ijayo unaingia nyumba ya watu kule Nyasho ukiwa na mashine yangu mkononi, afadhali nikusimulie mapema. Weka hiyo simu chini. Sakafu za watu umezipiga picha za kutosha, sasa sikiliza habari ya sakafu moja ambayo sikutaka mtu yeyote aione.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi chini ya Mzee Magesa, fundi wa sakafu za mbao. Musoma wakati ule watu wengi walijua saruji tu, ukitaka kupendeza unapaka rangi nyekundu basi. Waliokuwa na sakafu za mbao walikuwa wa kuhesabika, na wote walimwita Mzee Magesa. Alikuwa na mashine moja ya msasa, nzito, ya kusukuma kwa mikono miwili, na nyuma yake ulining'inia mfuko wa kitambaa wa kukusanyia vumbi. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limemwingia kifuani. Mwaka mzima hakuwa ameiendesha ile mashine kwa mkono wake. Akipanda ngazi tatu alikuwa anasimama kushika ukuta.

Siku moja tukiwa tunakunywa chai aliniambia, "Wambura, mimi nimekwisha. Ukimaliza sakafu ya Mama Ghati vizuri, mashine ni yako." Sikulala vizuri wiki ile. Kijana asiye na shamba wala ng'ombe, halafu mtu anakwambia mashine ni yako! Nilikwisha kujiona nimeoa, nimejenga, nimekuwa mtu.

Mama Ghati alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, nyumba yake iko Makoko karibu na maji. Binti yake Ghati alikuwa amechumbiwa, na Jumamosi ya wiki ile wazee wa upande wa mwanaume walikuwa wanakuja kutoka Butiama kuzungumza habari ya mahari. Mama Ghati alitaka sebule ing'ae. Alitwambia wazi kwamba wale watu wasije wakasema binti ametoka nyumba iliyochakaa kwa sababu baba hayupo.

Jumatatu Mzee Magesa hakugusa mashine kwanza. Alipiga magoti mlangoni, akang'oa kale kaubao ka kizingiti, akaniita nichungulie ubavu wa sakafu. "Unaona nini?" Niliona mbao nyekundu juu, nyembamba kama sarafu mbili zilizopangwa, na chini yake tabaka za mbao nyeupe zilizogandishwa kwa gundi, plaiwudi tu. Marehemu mume wa Mama Ghati aliagiza mbao hizo ng'ambo, na fundi mwingine alikuwa amekwisha kuzisugua mara moja kabla yetu.

"Hii siyo ile ya Bunda," Mzee akaniambia. Kule Bunda tulikuwa tumetengeneza nyumba ya zamani ya wageni, mbao nene tupu, unasugua unavyotaka. "Hii mbao ni ya juu tu. Utachora mistari ya penseli sakafu nzima. Msasa laini. Mistari ikifutika, unaacha hapohapo. Halafu vanishi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Sasa, chini ya dirisha palikuwa na alama nyeusi ya pasi ya mkaa. Ghati alipokuwa mdogo aliiangusha pasi akinyoosha sare ya shule, ikachoma sakafu, umbo la pasi likabaki pale na ncha yake. Mzee akaigusa kwa kidole. "Na hii usiiguse. Imeenda chini kuliko mbao yenyewe. Mama Ghati nimekwisha kumwambia, amesema ameizoea."

Jumanne asubuhi Mzee alikuwa na miadi ya kifua hospitali. Akaniachia kazi. Nilichora mistari yangu, nikasukuma mashine taratibu, nikaacha pale mistari ilipofutika, na mpaka saa nane sebule ilikuwa imetakata. Ningeishia hapo, mwanangu, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Ila ile alama ilikuwa inanitazama. Sakafu yote safi, halafu hapo pana pasi nyeusi! Nikajiambia mzee amechoka, ana woga wa watu wazima. Nilitaka arudi akute hata alichoshindwa yeye nimekiweza mimi.

Nikafungua mashine, nikavisha msasa mnene, ule wa kung'oa rangi.

Mara ya kwanza alama ikafifia. Mara ya pili ikawa rangi ya chai. Nakuambia nilitabasamu peke yangu mle ndani. Mara ya tatu mlio wa mashine ukabadilika, ukawa mkavu, nikaizima na kuinua. Pale palipokuwa na pasi palikuwa peupe. Nyuzi za mbao zilikuwa zinakwenda upande mwingine kabisa, zinakatiza. Nilikuwa nimekwisha kuipita mbao nzuri yote, nipo kwenye plaiwudi, upana wa viganja viwili.

Nilikaa chini palepale. Nilisikia Mama Ghati anaimba jikoni, sufuria zinagongana, nikaona akiingia tu nimekwisha. Sikumfikiria yeye wala Ghati, nakwambia ukweli. Nilifikiria mashine.

Basi nikafanya ujinga wa pili, na huo ndio ulionigharimu. Nilichota vumbi jekundu sakafuni, nikalichanganya na gundi, nikasiliba. Rangi haikukubali, ilikuwa imepauka. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kopo la dawa ya viatu ya kahawia. Nikapaka, nikasugua kwa kitambaa, nikarudi mlangoni kutazama. Kwa mbali ilidanganya jicho. Nikapaka vanishi ya kwanza sebule nzima kurudi nyuma hadi mlangoni.

Wewe ungejua, maana nimekufundisha. Dawa ya viatu ina mafuta yake, na vanishi haishiki juu ya mafuta. Mimi sikujua.

Mama Ghati alikuja akasimama mlangoni. Akatazama chini ya dirisha, akashika mdomo. "Wambura! Pasi imeenda wapi?"

"Imetoka, Mama. Ilikuwa ya juu tu."

Yule mama alipiga kigelegele. Akasema alikuwa anaionaga aibu siku zote, ila alikuwa hasemi. Akanipa samaki wawili wa kukaanga nipeleke nyumbani Kigera. Nilivibeba vile visamaki njia nzima, na nilipofika sikuweza kuvila, nikampa jirani.

Jumatano Mzee Magesa alikuja. Alisimama mlangoni kwa sababu vanishi ilikuwa mbichi, akatazama sakafu muda mrefu, macho yakafika chini ya dirisha yakakaa hapo. Hakusema neno juu ya pasi. Alikwenda nje kumwaga mfuko wa vumbi wa mashine, kazi ambayo mimi kwa hofu yangu niliisahau. Nilimwona kwa dirisha la koridoni ameinama juu ya mfuko, anatazama ndani. Akatoa kiberiti mfukoni, akamimina njiti kiganjani, akachota kitu, akafunga. Sikuelewa. Nilidhani anatafuta sigara, ingawa nilijua aliacha miaka mingi nyuma.

Aliporudi akauliza, "Kazi ilikwendaje jana?"

"Salama, Mzee."

"Haya."

Alhamisi tulipaka vanishi ya pili. Yeye alikaa kwenye kiti barazani, anapumua kwa shida, mimi ndani na brashi. Nilipofika chini ya dirisha niligusa kwa kidole, ile ya kwanza ilikuwa bado inanata. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimekauka. Nikapaka juu yake nyingi zaidi, nikidhani wingi utasaidia.

Tulipokuwa tunaosha brashi akasema bila kunitazama, "Wambura, hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna, Mzee."

"Unajuaga mimi sigombani na mtu kwa kazi."

"Najua, Mzee."

Nikainamia ile brashi kama vile ina nywele za kuhesabu. Usiku sikupata usingizi, na nilikuwa najifariji kwamba itakauka tu, kesho itakauka.

Ijumaa haikuwa imekauka. Nikapata akili nyingine. Kabati kubwa la vyombo lilikuwa limetolewa koridoni tulipoanza kazi, na zamani lilikaa ukuta wa mbele. Nikamwambia Mama Ghati, "Mama, hili kabati lingependeza chini ya dirisha." Akakubali hapohapo, kwa kuwa alikwisha kuniamini. Tukalibeba mimi na shemeji yake aliyekuja kusaidia maandalizi, tukaliweka juu ya aibu yangu. Nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mzee Magesa alikuwa amesimama mlangoni ameona yote. Jioni ile, jua bado lipo, aliniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya. "Wambura, leo ni Ijumaa. Stoo ya Mama Ghati ina sakafu hiihii, mbao zilezile, na huko hakuna mtu anaingia. Ukitoa mbao mbili tatu stoo ukazileta sebuleni, ni kazi ya nusu siku, hata kwa taa. Vanishi kesho asubuhi itakuwa imeshika kiasi. Mimi nasema tu."

Alikuwa ananifungulia mlango kabisa, mwanangu. Kilichobaki ni mimi kuingia. Nikasema, "Ndiyo Mzee, ni vizuri kujua," nikachukua baiskeli yangu nikaenda.

Jumamosi nilikwenda kwa sababu Mama Ghati alitualika wote wawili. Nilivaa shati langu la kanisani. Saa nne mjomba wake Ghati alifika kutoka Bunda, mzee mwenye sauti, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa binti. Akaingia sebuleni, akazunguka, akasifu sakafu. Kisha akaelekeza fimbo. "Kabati hili litoke. Makochi yatoke. Wazee wanakaa pande mbili, wanatazamana, katikati na pembeni kuwe wazi. Mahari hayazungumzwi watu wamejificha nyuma ya vyombo."

Mimi mtoto wa mkoa huuhuu, nimehudhuria mahari ya dada zangu wawili, nimebeba makochi kwa mikono yangu hii kuyatoa nje siku kama ile. Nililijua. Hofu ilikuwa imenitoa akili mpaka nikasahau desturi ya kwetu wenyewe.

Vijana wanne wakashika kabati. Nilitaka kusema ngojeni. Wakainua, mguu mmoja ukagoma, wakavuta, ukatoka na mlio wa kunata, ukachomoka na kile kiraka changu chote, gundi, dawa ya viatu na vanishi, kimening'inia kwenye mguu wa kabati. Chini ya dirisha pakabaki peupe, pameparurika, pabaya kuliko ile pasi ilivyowahi kuwa.

Mama Ghati aliweka mikono kichwani. "Yesu wangu! Ni nini hii?"

Nje honi zikalia. Magari ya Butiama yalikuwa getini.

Mjomba akageuka na fimbo yake. "Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo. Nataka uniamini, niliufungua. Hakikutoka kitu. Mzee Magesa akasogea mbele, akashika ukuta, akapiga goti moja pale kwenye ubaya wangu, akasema, "Ni mkono wangu, Mama Ghati. Nisamehe. Jumatatu nitarekebisha."

Nilisimama. Shati la kanisani, mikono nyuma, nimesimama.

Hapakuwa na muda wa zaidi. Mtu akaleta ngozi ya ng'ombe kutoka chumbani, wakaitandika pale, wageni wakaingia wakivua viatu. Mazungumzo yalikwenda vizuri, Ghati alikubaliwa, ng'ombe wakapangwa. Lakini ile ngozi ilikuwa imekaa mahali ambapo hakai mtu, na mzee mmoja wa Butiama, mtu wa utani, akauliza imetandikiwa nani, au kuna mgeni hawamwoni. Mzee Magesa akajibu mwenyewe, "Hapo fundi alikosea, ndugu yangu."

"Fundi gani?"

"Mimi."

Wakacheka. Kicheko cha kawaida tu, hawakuwa na ubaya. Mjomba wa Bunda akasema, "Magesa naye kazeeka, sasa apumzike." Na mwanangu, maneno hayo hayakubaki Makoko. Mwezi ule nyumba mbili zilizokuwa zinamngoja ziliahirisha. Mtu aliyeshika kazi yake zaidi ya miaka thelathini bila doa akawa mzee aliyetoboa sakafu ya Mama Ghati. Nilikuwa nayasikia hayo sokoni.

Jumatatu tulirudi. Nilitoa mbao tatu stoo, na Mzee akapiga magoti na patasi kuzing'oa zile mbovu. Alikuwa anakata kidogo, anakohoa, anapumzika, anakata tena. Niliomba nifanye mimi akakataa kwa kichwa. Alipokwisha kuweka ya kwanza akaketi sakafuni, akatoa kile kiberiti, akanipa.

Nilifungua. Ndani mlikuwa na vumbi la rangi mbili. Chini jekundu, juu yake jeupe kidogo.

"Mfuko wa mashine hauchanganyi," akasema. "Ulianza na lipi, ukamaliza na lipi, unaona. Sakafu nzima jekundu, mwisho jeupe. Nilijua Jumatano nikiwa bado nimesimama nje."

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Niseme nini? Lilikuwa la kwako kusema. Nilikuuliza mara ngapi?"

Nililia. Mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu nalia sakafuni na kiberiti mkononi. Kisha nikainuka, nikaenda jikoni. Mama Ghati alikuwa anapembua mchele. Nikamwambia yote, kuanzia msasa mnene mpaka dawa ya viatu. Hakuacha kupembua.

Nilipomaliza akasema, "Wambura, mimi nimekuwa muuguzi maisha yangu yote. Mzee Magesa Jumanne hakuwepo hapa, na hana pumzi ya kupuliza hata jiko la mkaa, angesukuma ile mashine? Nilijua palepale Jumamosi. Alipopiga goti mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa nakutazama wewe."

Akaendelea na mchele wake. Sijawahi kupigwa fimbo iliyoniuma kama ile.

Mashine sikuipata. Mzee aliipeleka Bunda kwa kijana mwingine aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Nilibaki naye miaka mitatu mpaka alipofariki, nikisugua sakafu kwa msasa wa mkononi, kwa magoti, chumba kimoja wiki nzima. Nyumba kwa nyumba nilikokwenda nilisema, bila kuulizwa, kwamba ile ya Makoko ilikuwa mimi. Wengine waliamini. Wengine walidhani nambeba mzee wangu kwa heshima, wakanisifu, na hizo sifa zilikuwa mbaya kuliko matusi. Hii mashine ninayokupa niliinunua mwenyewe nilipokwisha kuota mvi.

Sasa mwanangu, nasema lile nililokuitia. Sikukatazi kukosea, utakosea. Kuna siku utatoboa mbao ya mtu, maana hizi sakafu za siku hizi juu yake ni nyembamba hata kuliko ile. Ng'oa kizingiti kwanza uone. Chora mistari yako ya penseli, na mkubwa akikwambia hapa acha, uache, hata kama unajiona umemzidi. Lakini ukitoboa, zima mashine, usiguse gundi, usiguse rangi, nenda na vumbi lako hilohilo mikononi ukamwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Kosa langu la Jumanne lilikuwa kazi ya nusu siku. Ijumaa jioni bado lilikuwa kazi ya nusu siku. Jumamosi saa nne halikuwa tena sakafu, lilikuwa jina la mzee wa watu, na jina halina mbao za akiba stoo.

Kiberiti kile ninacho bado. Nimekitia kwenye mfuko wa mashine, ule mdogo wa pembeni. Ukikikuta usikitupe.

Nenda sasa. Mungu akujalie kifua kisafi mpaka uzeeni, akupe mkono mwepesi kwenye mbao za watu, na siku mkono utakapozidi, kinywa chako kifunguke pale changu kilipofungika. Watu waingie sebule ulizozitengeneza wamevua viatu, wazungumze heri, na chini ya miguu yao pasiwe na kitu ulichokificha. Amina.